Uzi Usiorudi

Maracaibo, 27 Novemba 1983

Mama mkubwa Everlides,

Shikamoo. Naitanguliza hiyo usije ukasema mji umenila adabu. Sisi wazima. Wilfrido anakusalimu, bado yuko karakana ya malori, anarudi ananuka dizeli na anakoroma vilevile. Joto la huku silisemi, maana utaniambia nilifuata nini.

Jibini uliyompa Prisciliano wa lori ilifika, ingawa aliilaza chini ya mikungu ya ndizi ikawa bapa. Niliimaliza kwa siku mbili. Wilfrido aliambulia kunusa jani la kufungia. Na hiyo ndiyo habari yenyewe: nina mimba, mwezi wa tano na ushee. Ile ya kwanza nilikuandikia mapema, ikatoka kabla barua haijakufikia, ukanijibu kwa furaha wakati mimi nalia. Safari hii nimekaa kimya mpaka kikaanza kucheza. Kinacheza kweli, Mama mkubwa, hasa nikila chumvi.

Nakuomba uje mwezi wa tatu, ukae mpaka nijifungue. Hakuna baya nililoambiwa. Ila siwezi kutulia. Naanza kufua naacha, naanza kupika naacha, nakwenda dirishani kutazama mabasi kama vile kuna mtu namngoja. Wewe mwenyewe umeniambia tangu nina akili kwamba mama alipasuliwa mjini, na watu wa mjini hawajui kushona. Mimi mkono ninaouamini ni mmoja duniani. Nataka uwe mlangoni uwaangalie.

Nyekundu wetu amerudi kwenye mti wake mwaka huu? Tangu niondoke hujamtaja.

Mwanao,
Nuris


Caño Guácimo, 19 Desemba 1983

Nuris mwanangu,

Marahaba, ingawa mwandiko wako ni ule ule wa kuku aliyekanyaga wino. Barua yako imekaa njiani siku kumi na nane. Nililia, nikacheka, nikaunguza wali. Petrona mkunga aliisikia harufu ya kuungua akaja, nikamwambia, naye akakaa kwenye kigoda changu akala huo wali ulioungua mpaka ukoko. Anasema usibebe ndoo, usiinue mikono kuanika nguo, na huyo mumeo ajifunze kuanika.

Hapa mto umeanza kupungua. Madume ya iguana yamekwisha kuwa mekundu ya machungwa, kila moja juu ya mti wake, linatikisa kichwa na kufungua lile shavu la shingoni kwa kila anayepita, hata kwa mbwa. Wanaume tu, wa miguu minne au miwili, kazi yao ni hiyo.

Nina mgeni. Ni msichana wa chuo kikuu, jina lake Marlenis, anavaa suruali na nywele kazinyoa hadi masikioni. Amekodi chumba kwa Petrona. Anahesabu iguana. Usicheke, ndiyo kazi aliyosomea. Ana chupa ya rangi nyeupe, anawaandika namba ubavuni. Juzi alinionyesha kidoa utosini mwa iguana, anasema ni jicho la tatu, halioni sura ila linaona kivuli cha mwewe. Nimewashika miaka thelathini sijawahi kuliona. Anasema pia watoto wakitoka kwenye mayai hula mavi ya wakubwa, ndipo tumbo lao linajua kusaga majani. Usimwambie Wilfrido, atakataa kula kwenu milele.

Sasa sikiliza. Huyu msichana amenijia uani kwangu na daftari, akaniuliza ni kweli iguana tunaowatoa mayai tukawashona wanaishi? Nikamwambia wa wenzangu sijui, wa kwangu wanaishi, muulize yeyote pwani hii nani ana sindano. Akaniuliza swali la kipumbavu. Nimesahau alivyosema. Basi tumeshindana: nitatoa mayai majike ishirini, nitawatia jivu, nitawashona kwa uzi wangu mwekundu, na badala ya kuwaachia tutawaweka kwenye ua wa makuti nyuma ya nyumba. Yeye anasema tutaona. Mimi nasema kumi na tisa watapona, na huyo wa ishirini atakuwa mgonjwa tangu kwao.

Mwezi wa tatu unajua mwenyewe hapa pakoje, ni msimu wa mayai. Kwa Nyekundu bado ni mapema.

Kula, lala, usitembeetembee.
Everlides


Maracaibo, 16 Januari 1984

Mama mkubwa,

Shikamoo. Wilfrido mzima, majirani wazima, Krismasi ilipita. Ningekuandikia habari zaidi lakini mkono unataka kusema jambo moja tu.

Siku mbili kabla ya Krismasi nilitoka damu. Haikuuma hata kidogo. Nilikuwa nimesimama namenya muhogo, nikahisi joto miguuni. Daktari amenipima, anasema kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango, mtoto hana njia ya kupita. Uchungu ukianza mimi na yeye tutakwisha kwa damu. Lazima nipasuliwe kabla haujaanza, wiki ya tatu ya mwezi wa tatu. Ametaja siku kabisa, tarehe ishirini. Nimeambiwa nilale tu. Nalala, nainuka, nalala. Wilfrido ameondoa viti njiani kwa sababu nazunguka chumba hiki usiku na mchana.

Unakumbuka nilipokuwa na miaka sita, watoto wa upande wa kanisani waliniimbia kwamba mama yangu alipasuliwa kama iguana? Nilirudi nalia. Ulikwenda mtoni, ukarudi na jike lenye uzi mwekundu tumboni, ukanishika mkono nikamgusa. Ukasema huyu nilimpasua mwaka jana, tazama, mzima, aliyeshonwa vizuri anaishi. Na kila mwaka alirudi kwenye ule mti mkubwa wa kando ya maji, na kila mwaka ulinipeleka kumwona. Watoto wakakoma. Mimi nikakuuliza, mbona mama hakuishi? Ukasema kule mjini walimshona vibaya.

Sasa nijibu. Ulikuwepo? Uliuona huo mshono? Ulikuwa mbaya namna gani? Ishirini na nne ni miaka mingi ya kutoulizwa, nami nilikuwa nakuogopa ukikunja uso.

Na Nyekundu. Nikisikia amerudi nitapata moyo, nitakwenda kwa daktari. Asiporudi, nakuja nyumbani anizalishe Petrona. Amezalisha nusu ya Caño Guácimo, hajapasua mtu. Najua ninavyosema ni kama mtoto. Njoo basi uniambie usoni kwamba nasema kama mtoto.

Nuris


Caño Guácimo, 12 Februari 1984

Mwanangu Nuris,

Marahaba. Tu wazima. Sikukuu ya Bikira wa Candelaria ilikuwa nzuri, mishumaa ilikuwa mingi, padri alikohoa ibada nzima. Petrona ameng'oa jino.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya kazi. Majike yameshuka kwenye ukingo wa mchanga. Yanachimba tangu jua linachomoza, huyu anafukua, yule anamfukuza, wanang'atana mikia, kisha wanaishia kuingia shimo moja wote. Wengine wanachimba mashimo ya uongo, wanaingiza kichwa, wanatoka, wanafukia mchanga juu ya kitu kisichokuwepo. Marlenis anasema ni kuwapoteza wezi. Tunakaa naye juani tunawatazama. Nimeungua uso.

Wale wa uani wametulia.

Nyekundu amerudi. Nimemwona jana, tawi lile lile. Nenda kwa daktari wako tarehe aliyosema, usimsikilize mtu mwingine.

Petrona anasema usije.

Everlides


Maracaibo, 4 Machi 1984

Kwa Everlides Arrieta,

Shikamoo naitoa kwa desturi.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na nne. Nilimsomea Wilfrido, akacheka kwa furaha, akaninunulia kanga wa kuchoma. Siku tisa nimelala usingizi. Siku tisa, sijawahi tangu Krismasi.

Jana Prisciliano alipita na lori, akaja kutusalimu, nikampa kahawa. Nikamuuliza kwa furaha tu, Nyekundu ameota mwiba mgongoni kiasi gani sasa? Akaniuliza Nyekundu yupi. Akasema hakuna aliyemwona miaka mitatu. Kisha, kwa sababu ni mtu asiyejua kufunga mdomo, akasema jinsi kijiji kizima kinavyokuonea huruma, kwamba iguana wako wa uani wamekufa wote isipokuwa wawili, na hao wawili wanaburura miguu, na kwamba siku hizi hutoki, umekaa tu mlango umefungwa. Wilfrido alimkanyaga mguu chini ya meza lakini kahawa ilikuwa imekwisha mwagika.

"Wametulia." Nimeisoma hiyo mara kumi. Kweli hukudanganya, mtu akifa anatulia.

Uliniandikia uongo nikiwa nimelala kitandani nimeshika tumbo kwa mikono miwili. Wewe, uliyenichapa kwa kusema nimefagia wakati sijafagia. Nimekasirika mpaka mtoto ameacha kucheza, akanitisha, nikalazimika kula chumvi ili acheze.

Sasa nisikilize. Kama mkono wako wewe, unaosifiwa pwani nzima, unashona wanakufa, je, hawa wasionijua hata jina? Sitapasuliwa. Nimeshakata tiketi ya basi la Jumatatu ijayo, tarehe kumi na mbili. Wilfrido hajui. Ninakuja nyumbani. Kama ni kufa nitafia kwenye kitanda ninachokijua, na Petrona ashike mkono.

Barua hii nampa Prisciliano aibebe mwenyewe, alipe alichokifanya.

Nuris


Caño Guácimo, 8 Machi 1984

Nuris mwanangu, mwana wa Delcy,

Usipande basi hilo. Nimeanza hapo ili ukiacha kusoma kwa hasira uwe umelisoma hilo. Usipande. Saa kumi na mbili za barabara ile na hali yako, hutafika hata mpakani. Sasa kaa, soma lililobaki. Prisciliano anaondoka kesho na nimemwambia asipokufikishia mkononi kabla ya Jumatatu asirudi kijijini.

Salamu sina leo. Jana ilikuwa Jumatano ya Majivu. Padri aliponipaka jivu kwenye paji la uso nilirudi nyuma mpaka Petrona akanishika kiwiko. Maana jivu ndilo ninalowatia, kiasi cha gumba moja kabla ya kushona, ndivyo mama alivyonifundisha na mama yake alivyomfundisha. Wote ishirini wamekufa. Wa mwisho Jumatatu. Marlenis aliwapasua mmoja mmoja juu ya meza yangu ya kukatia samaki, nikamwambia nataka kuona. Jivu lilikuwa limegeuka tope. Ndani kulikuwa kumeoza, na nje mshono wangu umenyooka, mzuri, hakuna uzi ulioachia. Hakunicheka. Ningependa angenicheka.

Lile swali la kipumbavu nililosema nimelisahau, sikulisahau. Aliniuliza hivi: "Mama, kila mwanamke hapa ana rangi yake ya uzi. Kwa miaka thelathini, kuna mtu amewahi kukurudishia uzi wako?"

Nilimjibu tunavyojibu wote. Kwamba uzi huoza kwa mvua. Kwamba wakishapona huhamia ng'ambo ya mto. Ndivyo kila mmoja husema, mimi nawaambia wengine na wengine wananiambia mimi. Hakuna aliyewahi kuokota iguana mwenye uzi wa bluu wa Petrona au wa njano wa marehemu shangazi, na wala hatukuwahi kukaa tukasema hilo kwa mdomo. Tulikuwa tunawaachia majanini, wanakimbia, tunasema si mnaona, anakimbia. Kisha tunarudi kuchemsha mayai. Nimeshona mamia, Nuris. Na kila mmoja alikuwa na mayai arobaini tumboni, hamsini. Ndiyo maana sasa mtu anakaa mtoni siku nzima na kitanzi anarudi na majike mawili, wakati mimi msichana tulikuwa tunawaokota.

Nyekundu sikumpasua. Siku ile ulipokuja unalia, nilikwenda mtoni nikamkamata jike yeyote, nikapitisha uzi kwenye ngozi ya juu tu, hata damu haikutoka. Kila mwaka nilimkamata tena nikabadilisha uzi. Alipokufa wa kwanza nilikamata mwingine anayefanana naye. Walikuwa watatu. Ulipoondoka niliacha, kwa sababu hakukuwa na wa kumdanganya ila mimi mwenyewe.

Hayo ni madogo. La kweli ni hili, na nimelikimbia miaka ishirini na nne.

Mama yako alianza kutoka damu Jumanne asubuhi, akiwa amesimama kama wewe, bila maumivu. Petrona alimtazama akasema haya si yangu, mpelekeni mjini, kule watampasua. Nilikataa. Mimi, dada yake mkubwa, ndiye niliyekuwa na neno nyumbani humu. Nilisema mdogo wangu hatapasuliwa kama mnyama. Nilijua kupasua ni nini, mikono yangu ilinuka kupasua, na moyoni nilikuwa najua, Nuris, nilikuwa najua wanakokwenda wale ninaowaachia majanini. Nikasema tungoje. Tulingoja Jumanne, tukangoja Jumatano. Damu ikasimama, nikawaambia mnaona? Alhamisi ikaja yote kwa pamoja. Tukamtia kwenye mtumbwi, mwendo wa saa sita kwenda mjini, nimekilaza kichwa chake mapajani. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nguo za mtoto nimezibeba.

Daktari alimpasua tulipofika na akakutoa wewe unalia. Kisha akatoka akaniambia, "Mmemleta amekwisha. Mngemleta juzi."

Niliuona mshono. Mimi ndiye niliyemwosha. Ulikuwa mshono mzuri kuliko wowote niliowahi kushona maishani. Hakuna aliyemshona vibaya. Niliwasingizia watu wale kwa sababu ulikuwa na miaka sita na ulikuwa unanitazama. Mama yako hakufa kwa kisu wala kwa sindano. Alikufa kwa kungoja, na aliyemngojesha ni mimi. Petrona amekaa na siri hii miaka yote, anakula wali wangu hajawahi kunitupia neno. Nimemwambia nakuandikia. Amesema, "Mwambie mimi mikono yangu haizalishi mtoto aliyezibiwa mlango. Sikuweza kwa mama yake, sitaweza kwake."

Kwa hiyo usinilinganishe mimi na hao. Mimi nashona mnyama aliyefungwa miguu, kwa jivu na uzi wa nguo, ili nile mayai yake. Wao wanashona ili uishi. Usingoje hata hiyo tarehe ishirini. Ukiona tone, nenda, siku hiyo hiyo, hata na kandambili.

Uliniomba nije nikajificha nyuma ya mayai. Si mayai. Sindano nimemkabidhi Marlenis aifungie kwenye kopo lake. Ninaogopa kusimama nje ya mlango ule mara ya pili. Nimekuwa mwoga, na ninakuambia hivyo ili usirithi.

Nichukie ukiwa hai.

Mama yako mkubwa,
Everlides


Maracaibo, 6 Aprili 1984

Mama mkubwa,

Shikamoo. Ya kweli.

Utakuwa umesikia kwa Prisciliano, lakini Prisciliano hasikiki vizuri, kwa hiyo nasema mwenyewe. Alinikuta Jumapili jioni nimeshafunga begi. Nilisoma nimekaa juu ya begi hilo. Nilikuchukia, usidhani sikukuchukia. Nililia kwa ajili ya nguo za mtoto alizoziulizia, nikaona nguo hizo nilizivaa mimi. Kisha nikamwamsha Wilfrido nikampa tiketi, naye akaichana bila kuniuliza.

Damu ilikuja tarehe kumi na sita, tulipokuwa tumekaa tunakunywa chai. Wilfrido alisema labda tungoje ikome. Nilimwambia kwetu hatungoji. Alinibeba mpaka kwenye teksi, mguu mmoja una kandambili na mmoja hauna.

Ni msichana. Kilo mbili na nusu, mwekundu, ana hasira. Walinilaza, nikawaambia kabla ya dawa ya usingizi kwamba nyumbani kwetu tunajua kushona, kwa hiyo wasinifanyie haraka. Daktari ni mwanamke, akaniuliza kwetu tunashona nini. Nikasinzia kabla sijamjibu.

Nilihesabu mishono kumi na moja. Ilitolewa tarehe ishirini na sita. Muuguzi alikata, akavuta, akawa anaitupa kwenye bakuli. Nikamwambia nipe. Akashangaa, akaniuliza ya nini, ni takataka. Nikamwambia kuna mtu anaingoja kwa miaka mingi.

Imo kwenye karatasi hii ya khaki. Niliiosha, usiogope. Ni nyeusi, si rangi yako.

Mtoto tumemwita Delcy, jina la mama. Kwenye kitanda hiki ninakaa sasa, siendi dirishani tena, maana ananyonya kila saa. Bado nina hasira na wewe kidogo, nadhani itachukua muda, lakini njoo niwe nayo ukiwa hapa. Mlango huku sasa hauna mtu nyuma yake isipokuwa mimi.

Nuris


Caño Guácimo, 9 Mei 1984

Nuris mwanangu,

Marahaba, marahaba kwa wote watatu.

Hapa mvua imeanza. Padri bado anakohoa. Marlenis alikwenda chuoni akarudi, na safari hii ameleta viatu vya kufaa. Tangu Wiki Takatifu tumekuwa tukilinda ule ukingo wa mchanga, mimi, yeye na Petrona, kila mmoja na kigoda chake. Watu walitutukana. Walisema Everlides amezeeka, amegeuka mlinzi wa mijusi. Nikawaambia ndiyo, na mlinzi ana panga. Wanawake wawili wamekuja wakaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli niliyoyaona juu ya meza. Niliwaambia yote. Mmoja aliondoka bila kuniaga, mmoja alikaa.

Jumamosi baada ya mvua mchanga ulianza kutikisika. Kichwa kimoja kikatokeza, kikatutazama muda mrefu, kikarudi ndani. Kisha wakatoka kwa makundi, wadogo wa kijani cha jani changa, wanakanyagana, wanakimbilia vichakani, wengine wamesimama tu wanashangaa. Sikuwahi kuwaona wakitoka, kwa umri wangu huu. Sisi mayai tulikuwa tunayajua kwenye sufuria. Marlenis alifika mia tatu kumi na mbili, akapoteza hesabu, akatukana tusi ambalo sikujua wanalifundisha chuoni.

Barua yako niliifungua pale pale kigodani. Nilikuwa nimetunza kalamu ya kukujibu mambo mengi lakini nilipofungua ile khaki sikuweza. Niliuweka uzi kiganjani. Vipande kumi na moja, vifupi, vigumu, kila kimoja na fundo lake. Nimevihesabu mara kadhaa ingawa hesabu ilikuwa ile ile.

Petrona hakuwa na miwani. Alikichukua kimoja, akakigeuzageuza juani, akaniuliza uzi huu umetoka wapi na ni wa mnyama gani. Nikamwambia ni wa mtoto wa mdogo wangu Delcy, amerudi nao mzima. Mwanamke yule, miaka ishirini na nne sijamwona akilia, alijifunika uso kwa kofia yake ya makuti.

Prisciliano anaondoka kesho alfajiri na ameniwekea nafasi mbele. Nimefunga jibini mbili, na hazitalala chini ya ndizi, nitazipakata mwenyewe.

Everlides